TAHADHARI: Muuzaji wa "seti kamili" ya sarafu za wanyama 12 wa Kichina. Angalieni herufi ya Nyoka

Wakuu, shikamooni mliotangulia, na wengine mambo vipi.

Andiko hili nimeliahirisha karibu miezi minne, kwa sababu mtu mzima akitapeliwa dola 70 anaona haya kupiga kelele. Lakini juzi nimekutana na tangazo jipya. Safari hii tapeli wangu anauza "Farasi wa Moto, 2026", na picha zimepigwa juu ya kitambaa kile kile chekundu cha tangazo la kwanza, chenye alama ya pasi pembeni. Nikasema hapana, hili silimezi.

Kwa wageni wa mchezo, kwa kifupi: jiokachingi ni kutafuta makasha yaliyofichwa kwa kutumia GPS. Ilianzia Oregon, Marekani, Mei 2000, mara tu serikali yao ilipoacha kuvuruga mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia. Ndani ya kasha huwa kuna daftari la kusaini, na ukibahatika unakuta sarafu. Si pesa hizo. Kila moja imechongwa namba yake, kwa kawaida mchanganyiko wa herufi na tarakimu sita, na ukiiingiza kwenye tovuti unaona imetokea wapi, imepita mikononi mwa nani na imetembea kilomita ngapi. Mimi ni dereva wa watalii, Arusha. Mgeni mmoja Mjerumani alinifundisha tukiwa tumezimisha gari kusubiri tembo wapishe njia, na sijapona tangu siku hiyo. Ninazo arobaini na kitu, na zinazonikosesha usingizi ni zile za nyota za Kichina, maana ukishapata Panya unamtaka Ng'ombe, ukimpata Ng'ombe unamtaka Chui Milia, na mwaka una mnyama mmoja tu.

Niwaambie na uzuri wake, maana tapeli huyu hauzi chuma, anauza mapenzi ya watu. Wachina wa kale hawakuwapa wanyama wale miaka peke yake. Waliwapa pia saa za siku na pande za dunia. Panya ni kaskazini, Sungura mashariki, Farasi kusini, Jogoo magharibi, na wale wanane waliobaki wanajaza katikati, kila mmoja nyuzi 30 kutoka kwa jirani yake. Mpaka leo Wachina wakitaja mstari wa longitudo wanasema 子午线, yaani mstari unaounganisha alama ya Panya na alama ya Farasi. Sasa mwambie hayo mtu anayeshinda porini na dira mfukoni, uone kama atalala.

Basi mwaka 2024 tukawa watatu: mimi, kaka mmoja wa Nairobi mwenye mkono wa kuchora, na dada yetu aliyeko Leipzig. Mwaka wa Nyoka ulikuwa unaanza tarehe 29 Januari 2025, tukaamua tuutengenezee sarafu yetu wenyewe. Mbele nyoka kajiviringa katikati ya dira, kichwa kimeelekea nyuzi 150, ambako ndiko upande wake. Nyuma duara la wanyama wote 12, Panya juu kabisa. Kipenyo milimita 44, unene 3, shaba ya kuchovya fedha iliyofifishwa ionekane ya zamani, na rangi ngumu, ile inayosuguliwa mpaka ikalingana na kingo za chuma. Rangi laini ina bei nafuu lakini hubonyea. Ukipitisha kucha unahisi vishimo.

Rasimu ya kwanza ilikuwa na kosa, na kosa hilo ndilo kiini cha andiko hili. Alama ya Nyoka katika hesabu hiyo ya pande na miaka ni 巳. Anao mapacha wawili: 已 na 己. Tazameni mkono wa kushoto. Ukipanda mpaka ukafunga juu, huyo ndiye Nyoka. Ukiishia nusu, maana yake ni "tayari". Mlango ukiwa wazi kabisa, inakuwa "nafsi". Kaka wa Nairobi aliweka ile iliyo wazi, na sisi wawili tukaipitisha kwa vifijo. Aliyegundua ni mdogo wangu, aliyesomea udaktari Wuhan. Aliicheka mpaka akakaa chini: "Braza, hapa hamna nyoka. Mmeandika mwaka wa Nafsi Yangu."

Tukarekebisha. Ila kabla mdogo wangu hajaiona, rasimu ile yenye kosa ilikuwa imeshatumwa kwa mtu mmoja, mmoja tu, kuomba bei. Huyo mtu alijitambulisha kwetu kama wakala wa viwanda vya Guangdong, anayeweza kutupatia kalibu, sarafu na namba za ufuatiliaji kwa pamoja. Tulimpa faili lenyewe la kuchapia, kubwa, safi, bila alama yoyote juu yake. Ulikuwa ushamba wetu, nakiri. Akataja bei, akataka hela yote mbele, tukasita, akakata mawasiliano. Sarafu zetu tukazitengenezea kwingine, 100, na alama iliyofungwa vizuri.

Mwezi wa saba 2025 nikaona tangazo: wanyama 12, hazijasajiliwa, dola 70 seti nzima. Sarafu moja halali huwa naipata kwa dola 10 hadi 15. Kumi na mbili kwa 70? Nilipiga hesabu, nikaona haiji, kisha nikajipa jibu nililokuwa nalitaka: labda anafunga duka. Jina la muuzaji lilikuwa jingine na picha ya wasifu ya mtu mwingine, kwa hiyo sikuunganisha.

Nikamwomba picha ya upande wenye namba. Akanijibu kwamba mkusanyaji anayejiheshimu haonyeshi namba hadharani. Hapo ndipo ujanja wake ulipokaa, kwa sababu ni kweli kabisa. Namba ikionekana pichani, mtu yeyote duniani anaweza kudai ameiona sarafu yako wakati hajawahi kuishika. Sisi wenyewe tunafunika kwa kidole gumba. Kwa hiyo alichukua adabu yetu akaifanya pazia.

Dada wa Leipzig akanilipia kwa PayPal. Jamaa akamwomba atume kama anayemtumia ndugu au rafiki, "tukwepe makato". Wakuu, njia hiyo haina ulinzi wa mnunuzi. Umempa hela shemeji yako, ndivyo mfumo unavyoelewa. Zikapita wiki saba za kimya, kisha bahasha ikafika Leipzig, ikapanda begi la mgeni wangu, ikatua uwanja wa ndege wa KIA.

Nilifungulia pale pale kwenye maegesho, mgeni akiwa ameenda kubadilisha dola. Vifuko kumi na viwili vya nailoni. Nikamtoa Panya, nikamweka juu ya dashibodi nishike wa pili. Panya akateleza mwenyewe, ta!, akanasa kwenye sumaku ya kushikia simu.

Nikabaki namtazama. Shaba hainasi kwenye sumaku. Zinki hainasi. Fedha ndiyo kabisa. Tangazo lilisema shaba. Nikawatoa wote mmoja mmoja, wote wakaenda kwa sumaku kama kuku wanaoitiwa mtama.

Nikachukua darubini ya kuangalizia wanyama, nikaigeuza: jicho kwenye lenzi kubwa, sarafu karibu na lenzi ndogo. Jaribuni, inakuwa kioo kizuri cha kukuzia. Rangi ya masikio ya Panya imemwagikia shingoni. Joka ana vidole vitano mguu wa mbele na vinne mguu wa nyuma, wakati kwa Wachina vidole vya joka si mapambo, vitano vilikuwa alama ya mfalme mkuu. Nikafika kwa Nyoka, na Nyoka alikuwa wetu. Mizunguko ile ile, magamba yale yale aliyoyachora kaka wa Nairobi kwa wiki mbili, kichwa nyuzi 150. Na juu ya kichwa, 己, wazi kama mlango wa duka.

Mtu mmoja tu alikuwa na faili lile. Yaani nimeuziwa mbuzi kwenye gunia, na mbuzi mwenyewe ni nyoka wangu.

Jioni nikaingiza namba kwenye tovuti. Chui Milia, Joka na Jogoo wana namba moja, wote watatu. Zile nyingine zote zina wenyewe tayari. Mmoja wa wenyewe nilimwandikia, ni mama wa Jamhuri ya Czech. Sarafu yake halisi iko kabatini kwake. Ila aliwahi kuipeleka kwenye mkutano wa wachezaji, ikapigwa picha mezani, na tangu hapo anapata taarifa kwamba imeonekana nchi ambazo yeye na sarafu yake hawajawahi kukanyaga. Hakukasirika nami. Aliniomba tu nisiiandikie chochote, ili ukurasa wake usizidi kuchafuka.

Jina la jamaa sitaliandika, maana hata nikiliandika halitawasaidia. Yale mawili niliyomjua nayo yameshafutwa, na hili la sasa litafutwa wiki ijayo. Mtambueni kwa mwenendo. Kwanza, tangazo la Farasi alilotoa juzi lina sarafu iliyochongwa 01.01.2026. Mwaka wa Farasi unaanza tarehe 17 Februari 2026, hauna habari na Januari yetu. Mtengenezaji anayejua anachokifanya hawezi kukosea hapo, hasa kwa Farasi wa Moto, ambaye hurudi baada ya miaka 60 na mara ya mwisho alikuja 1966. Watu watazigombania sarafu za mwaka huu, na yeye analijua hilo.

Pili, ameanza kuandika "fedha halisi". Msichanganye mambo. Sarafu za fedha za wanyama hawa zipo kweli, China inazitoa tangu 1981 na Perth Mint ya Australia tangu 1999, lakini hizo ni za thamani ya madini, hazina namba ya ufuatiliaji na hakuna anayezitupa kwenye kasha chini ya mti. Anayekuuzia kitu kimoja na kukiita vyote viwili, mwache.

Kuhusu namba, hazichongwi na fundi yeyote anayejisikia. Hutolewa na makao makuu ya mchezo kule Seattle, na sarafu mpya inakuja na namba yake ya ufuatiliaji na utaratibu wa kupata namba nyingine ya siri ya kuisajili kwa jina lako. Muulize muuzaji hiyo ya pili inapatikanaje. Mkweli anakujibu kwa sentensi moja. Huyu wetu alinijibu, "ukipokea tutaongea".

Na picha ipo namna ya kuiomba bila kuvunja adabu. Mwambie aweke sarafu juu ya karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo kwa mkono, afunike namba abakize herufi mbili za mwisho, kisha afanye hivyo kwa sarafu mbili au tatu utakazozichagua wewe. Kama herufi zinafanana, umeshajua. Ukiweza, omba na video ya sumaku. Nilipomwomba huyu wa Farasi, nikijifanya mteja mpya, alinifungia ndani ya dakika tano.

Mnaochora sarafu zenu, kuombea bei tumeni picha ndogo yenye maandishi ya kukatiza katikati. Faili la kuchapia liende baada ya mkataba. Kaka wa Nairobi siku hizi anaacha kosa dogo la makusudi katika kila rasimu, tofauti kwa kila anayetumiwa, na anaandika kwenye daftari nani kapewa lipi. Alilojifunza kwa bahati mbaya sasa amelifanya mtego.

Kama seti yake mnayo tayari, msiiweke kasha lolote. Anayekuja kuiokota, pengine mtoto, ataingiza namba ya watu na kuendeleza uchafu ule ule. Zangu nimezitoboa tundu, nimezifanya vishikizo vya funguo za magari ya ofisini.

Nyoka peke yake nimembakiza, kwa ushahidi. Dada wa Leipzig anakusanya picha za kupeleka Seattle pamoja na malalamiko yetu. Kwa hiyo yeyote mwenye sarafu ya Nyoka yenye 己 wazi juu ya kichwa, anitumie picha ya pande zote mbili na aniambie aliinunua lini na kwa jina gani. Namba funikeni.