Darsa ya toba Mji wa Kale: nenda na kalamu

Darsa hii ya baina ya Magharibi na Isha haina mawaidha ya kuliza watu. Ustadhi anaanza na masharti ya toba: uache kosa, ulijutie, uazimie kutolirudia. Hayo anayapitia haraka, kisha anatulia kwenye sharti la nne, haki za watu, na hapo ndipo darsa inapostahili sifa.

Pesa ulizodhulumu hurudishwa kwa mwenyewe. Akiwa amekufa, kwa warithi wake. Asipopatikana baada ya kutafutwa kikweli, hutolewa sadaka kwa niaba yake, na siku akitokea akadai, unamlipa. Anayeleta uradi wa istighfari, yaani kurudiarudia maneno ya kuomba msamaha kwa Mungu, huku kiwanja cha yatima bado anakikalia hajatubu, na ustadhi hamung'unyi maneno. Kuhusu kusengenya, anaeleza kuwa wanazuoni wamehitilafiana: kumwambia uliyemsengenya huenda kukazua uadui mpya, kwa hiyo wengine wametosheka na kumwombea na kumsifu palepale ulipomchafua.

Kafara ya kiapo, yaani fidia ya aliyevunja kiapo, ndiyo inayokosewa sana. Wengi hukimbilia saumu ya siku 3, na hiyo ni ya asiyeweza kulisha wala kuvisha maskini 10. Kwa madhehebu ya Kishafi kila maskini hupewa mudi 1 (kipimo cha ujazo) ya chakula cha mji, mchele kwa mfano, si pesa. Kumrundikia mmoja mudi 10 hakutoshi.

Kasoro: spika za upande wa wanawake zinakwaruza, na maswali hupewa dakika chache mno. Kiingilio hakuna.