Waifai ya hoteli au bando la simu: ipi salama zaidi?

Kwa usalama, bando linashinda. Washa hotspoti ya simu, chagua ulinzi wa WPA2 au WPA3 (njia za kufunga waifai kwa nenosiri), weka nenosiri la herufi 12 au zaidi, na mgeni wa chumba cha pili hapati pa kuingilia. Waifai ya hoteli mnaitumia wote, tena mtu yeyote aweza kurusha mtandao wenye jina lilelile. Uliza jina kamili mapokezi, zima kujiunga kiotomatiki, kisha tumia VPN, programu inayoficha mawasiliano yako kwa kuyasimba. Hapa wengi hukwama: ukiiwasha VPN mapema, ukurasa wa hoteli wa kujaza namba ya chumba huenda usifunguke. Ingia kwanza, ndipo uiwashe. Kivinjari kikikuonya kuhusu cheti cha tovuti ya benki (uthibitisho kuwa tovuti ni halisi), usibonyeze “endelea” hata kidogo; jitoe papo hapo.

Kwa gharama, waifai inaongoza, hasa kwa video na masasisho ya kompyuta yanayomaliza GB kadhaa. Hotspoti pia hula chaji.

M-Pesa ya *150*00# Tanzania haipiti kwenye waifai kabisa. Mwenye kazi za benki kwa siku mbili atumie bando. Anayekaa wiki nzima na watoto, waifai yenye VPN itamfaa. Aliye ugenini bila laini ya huko aangalie kwanza bei ya rominga.