Mapitio ya Sounds of Sisso: katika singeli, nani anamsubiri mwenzake?

Mkusanyiko uitwao Sounds of Sisso ulitolewa mwaka 2017 na Nyege Nyege Tapes, lebo yenye makao yake jijini Kampala, na mpaka leo ndio ambao wapenzi wa singeli, muziki wa kasi wa Dar es Salaam, huutaja kwanza wanapobishana kama muziki huu umekua au umeharibiwa. Wapo wanaoamini kwamba humo ndimo ilimobaki singeli halisi, ile ya kabla ya redio kuizoea na kuitia viitikio vya mapenzi. Na wapo wanaoamini kwamba hapo ndipo ilipoanza kuchukuliwa na wasikilizaji wasioelewa hata neno moja la kinachoghaniwa. Nimeusikiliza upya wote, nikauweka sambamba na matoleo yaliyoufuata na pia na singeli inayopigwa redioni, ili nipime kama unaweza kubeba madai yote mawili. Ninavyousikia mimi, wabishani wanashughulika mno na kasi na usafi wa sauti, ilhali kilichobadilika zaidi ni uongozi: nani anamsubiri mwenzake, MC, yaani mghani, au biti, yaani mapigo na ala anazoghania.

Sisso ni jina la prodyuza na pia la studio yake ya Mburahati, Dar es Salaam, na wanaosikika katika mkusanyiko huu, wakiwemo Bamba Pana, Makaveli na Dogo Niga, ni watu wa mduara wa studio hiyo. Kwa hiyo hii ni picha ya chumba kimoja, wala si ya singeli nzima, na asiyelijua hilo atauuliza mkusanyiko maswali usiokusudia kuyajibu. Kufikia mwaka 2017, miongoni mwa ma-MC wa singeli, Msaga Sumu alikuwa na jina kubwa kwa muda mrefu, Man Fongo alikuwa ameshatamba na "Hainaga Ushemeji", Sholo Mwamba alikuwa amesikika na rapa Professor Jay katika "Kazi Kazi", na kituo cha redio cha EFM kilikuwa kimeupa muziki huu nafasi ambayo vituo vingine viliunyima. Hao hutawakuta humu. Anayedai kwamba Sounds of Sisso ndiyo singeli ya kabla ya redio anasahau kwamba redio ilikuwa imeshafika. Studio ya Mburahati ilikuwa tu inafanya kazi nyingine, kwa ajili ya masikio mengine.

Ili kuuelewa ugomvi wenyewe ni lazima turudi kwenye kigodoro, sherehe ya mtaani ya kukesha. Singeli ilikulia uswahilini, katika mitaa kama Manzese na Tandale, kwenye sherehe hizo ambazo viongozi wamezipiga marufuku mara kwa mara na ambazo hazikukoma kwa sababu hiyo. Dijei alichukua kipande cha taarab ya kisasa, mara nyingi pale ala zinapopiga peke yake kabla mwimbaji hajaingia, akakirudisha bila kukoma huku akikiongeza mwendo, na MC akaghani juu yake. Biti ya namna hiyo haikuwa na mwanzo wala mwisho wake yenyewe. Ilidumu kadiri MC alivyokuwa na maneno na wachezaji walivyokuwa na pumzi, na kama MC alitaka kuwataja wenye shughuli na wageni wao mmoja baada ya mwingine, kipande kiliendelea kuzunguka mpaka amalize. Dijei alikuwa mtumishi wa kipaza sauti. Hata mchiriku, muziki wa mitaani uliotangulia singeli, ambao vinanda vyake vidogo vya Casio vilipitishwa kwenye vipaza sauti vilivyochoka mpaka sauti ikakwaruza, ulijengwa juu ya mtu mwenye la kusema, na kelele ile ilikuwa kwa ajili ya kulifikisha neno mbali.

Kompyuta ilibadilisha mambo polepole. Programu za Virtual DJ na FL Studio zilipoenea, dijei aliyekuwa akirudisha kipande cha mtu mwingine aliweza kukikata, kukipanga upya na kukiongezea ngoma zake mwenyewe, na mwendo ukapanda mpaka mapigo 200 kwa dakika, kisha ukakaribia 300. Kipande kinapoharakishwa bila kuzuia kimo cha sauti yake kisipande, kinanda huwa chembamba na fidla hulia kama filimbi. Huo ukali wa juu ndio unaomfanya mgeni adhani kwamba spika yake imeharibika. Kwa aliyeuzoea, ni alama ya nyumbani. Mpaka hapo hakuna aliyegombana na mwenzake, kwa sababu MC alikuwa bado mbele na kasi mpya ilimpa changamoto aliyoitaka: kupanga maneno mengi zaidi bila kumeza silabi.

Sounds of Sisso unanasa hali hiyo ikiwa katikati ya kugeuka, na hapo ndipo thamani yake ilipo. Ndani yake kuna nyimbo zenye ma-MC na kuna biti tupu, na ukizisikiliza kwa zamu unasikia aina mbili za utengenezaji zilizotoka katika kompyuta za watu wanaofahamiana. Pale MC anapoghani, biti inajizuia: ngoma zinarudiwa kwa mpangilio ule ule, kinanda kinakaa pembeni, na mabadiliko yanakuja pale tu anapovuta pumzi. Pale asipokuwepo, prodyuza anajimwaga. Vipande vinakatwa katikati, ngoma zinapishana mpaka sikio halijui tena lihesabu kwa tatu au kwa nne, na kila baada ya muda mfupi kinaingia kitu kipya kujaza nafasi ambayo sauti ya binadamu ingeijaza. Nyimbo za kundi la kwanza ndizo ninazozirudia. Makaveli hasa ana uwezo wa kukaa nyuma kidogo ya pigo wakati kila kitu kinamkimbiza, akiwa na utulivu wa kondakta wa daladala anayetaja vituo huku mlango uko wazi, na utulivu huo unaifanya kasi isikike kuwa kubwa kuliko ilivyo.

Biti tupu za mkusanyiko si mbaya, lakini nyingi zina tatizo moja: zinasikika kama zinamngoja mtu ambaye hakuja. Zinaanza, zinajenga hamu, halafu zinakwisha. Hili si kosa la ufundi, bali ni tabia iliyobaki kutoka kwenye kigodoro, ambako biti haikuwahi kutakiwa kujitegemea.

Nyege Nyege Tapes haikuliona hilo kuwa tatizo, au iliona kwamba dawa yake ni kuwapa maprodyuza nafasi zaidi. Mwaka 2018 ilitoa Poaa ya Bamba Pana. Mwaka 2019 zikaja Tatizo Pesa ya Jay Mitta, Mateso ya Sisso mwenyewe, na Uingizaji Hewa ya Duke, ambaye kazi zake zinatoka katika studio nyingine iitwayo Pamoja. Katika Poaa, sehemu kubwa ya albamu ni biti tupu, na hata Makaveli anapoingia anatumiwa kama ngoma mojawapo, silabi zake zikigongwa na kurudiwa mpaka maana inabaki nyuma. Mwaka 2022 DJ Travella, kijana ambaye hakuwa ametimiza hata miaka 20 wakati baadhi ya wazee wa vigodoro walikuwa wameanza kustaafu, alitoa Mr Mixondo, albamu isiyomhitaji MC kabisa. Nasema isiyomhitaji, sisemi iliyomkosa, kwa kuwa tofauti hiyo ndiyo kiini cha jambo. Biti za Travella zina kilele chake, mapumziko yake na vichekesho vyake. Anajua lini amnyime msikilizaji ngoma na lini amrudishie. Biti tupu za Sounds of Sisso zilimngoja MC. Za Travella zimeacha kumngoja.

Wasikilizaji wa Ulaya walizipenda rekodi hizi haraka, na sababu haifichiki. Wengi wao walikuwa wamelelewa na gabber, ule muziki wa kasi uliotokea Rotterdam mwanzoni mwa miaka ya 1990, au na aina nyingine za tekno ambamo mtu wa kusema hayupo kabisa. Waliposikia mapigo 250 kwa dakika kutoka Dar es Salaam walipata kitu walichokijua kikiwa na ladha wasiyoijua. Mashabiki wa nyumbani wanaowakejeli kwa hilo hawawatendei haki kamili, kwani mtu hupenda anachokisikia, na maneno hawakuyasikia. Hata hivyo, kejeli hiyo ina chembe ya ukweli: soko linaponunua kasi, studio hutengeneza kasi, na MC asiyeeleweka nje ya Afrika Mashariki anakuwa mzigo ambao prodyuza anaweza kuuacha nyumbani anapopanda ndege.

Upande wa pili wa ugomvi unaitazama redio, na hapo hukumu yangu ni kali zaidi. Dulla Makabila anajua kusimulia kisa mpaka mtaa mzima ukajiona ndani yake, na Meja Kunta alipoungana na Lavalava walionyesha kwamba singeli inaweza kukaa pamoja na uimbaji laini wa bongo fleva bila aibu. Lakini katika nyimbo nyingi zilizofuata nyayo hizo, anayeongoza si MC wala si biti bali ni kiitikio. Mwendo unapunguzwa ili kiitikio kiimbike, maneno ya MC yanafupishwa ili kiitikio kirudi mapema, na biti inasafishwa ule ukali wake ili isikipige kikumbo. Wanaotetea mtindo huu wana hoja ya mkate: MC aliyekuwa akilipwa kwa usiku mmoja sasa ana jina linalojulikana hadi Mwanza na Mombasa, na wanaomtaka abaki kwenye vumbi la Tandale kwa jina la uhalisia mara nyingi hawaishi Tandale. Hoja hiyo naikubali, ila haizifanyi nyimbo zenyewe kuwa nzuri zaidi.

Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaougawa muziki huu kuwa wa asili na wa kuigiza. Singeli ilianza kwa kuichukua taarab bila kuiomba ruhusa, na mtu wa taarab aliyesikia kinanda cha kundi lake kikilia kama mtoto alikuwa na kila sababu ya kusema kwamba muziki wake umeharibiwa. Shabiki wa Sounds of Sisso anayelalamika leo kwamba vijana wamevuka mpaka amekaa juu ya mpaka ambao wazee wake waliuvuka. Lakini pia sikubaliani na wanaosema kwamba kila badiliko ni maendeleo. Kuna kitu kilichokuwepo, nacho kinaweza kutajwa na kusikika kikipungua. Ni ile hali ya biti kumsikiliza mtu.

Inafurahisha kwamba jibu zuri kuliko yote nililolisikia limetoka katika studio ile ile. Singeli Ya Maajabu, albamu ya mwaka 2024 ya Sisso na Maiko, haimrudishi MC kwenye kiti chake cha zamani, ila inamrudisha mtu. Maiko anapiga kinanda, na Sisso anazipeleka ngoma kwa kasi ambayo ingetisha hata mwaka 2017; vidole vya mmoja vinauliza na ngoma za mwingine zinajibu, kwa utani mwingi na makosa machache ya makusudi ambayo yanachekesha kila yanaporudi. Mzee wa mchiriku angekitambua kinanda hicho kabla ya kitu kingine chochote, na huenda angelalamika kwamba kimewekwa safi mno. Humo biti inasubiri tena, safari hii ikimsubiri mpiga kinanda.

Kwa anayetaka kununua, rekodi zote za Nyege Nyege Tapes nilizozitaja zinapatikana kwa njia ya kidijitali kupitia tovuti ya Bandcamp, na anayekipenda kigodoro kwa ajili ya maneno aanze na nyimbo za ma-MC katika Sounds of Sisso, azipange peke yake, aziache biti tupu kwa siku nyingine. Anayekuja kutoka kwenye tekno aanze na Mr Mixondo, kisha arudi nyuma, kwani akianza na mkusanyiko wa 2017 ataona nusu yake kuwa haijakamilika na hatajua kwa nini. Spika ya simu haifai kwa zote mbili: sauti za juu zitamchoma masikio na ngoma za chini, zinazobeba hesabu yote ya mchezaji, hazitasikika. Sabufa ya kawaida ya sebuleni inatosha, mradi majirani wawe wameridhia.

Upungufu mkubwa wa mkusanyiko, ninavyoupima kwa mahitaji ya msomaji wa Kiswahili, ni kwamba ma-MC hawa wanastahili kusomwa pamoja na kusikilizwa. Kwa mwendo huo hata mzaliwa wa Kariakoo hupoteza mstari mmoja katika kila mitano, na msikilizaji wa Pate au wa Goma hupoteza zaidi, kwa sababu maneno ya mtaani ya Dar es Salaam huzaliwa na kufa ndani ya mwaka. Lebo ikiamua kuutoa upya, iambatishe maneno yote yaliyoghaniwa, pamoja na majina ya makundi ya taarab ambayo vinanda vyao vilikatwa.