Kupanga nyumba moja na wenyeji Lubumbashi: nafuu iko wapi?

Ukija Lubumbashi, Kongo, kwa kazi ya mizigo kama nilivyokuja mimi, komisionere, yaani dalali wa huku, atakupeleka kwanza kwenye studio, nyumba ndogo ya mtu mmoja. Lango la chuma, jenereta, kisima, mlinzi, na kodi inayolipwa kwa dola. Nilianzia huko, karibu na katikati ya mji, kwa dola 400 kwa mwezi. Sasa niko mtaa wa Kalubwe, kwenye nyumba ya vyumba vitatu, na wenyeji wawili: muuguzi aliyenizidi umri, ambaye sote tunamwita Yaya, yaani dada mkubwa, na binti anayesoma sheria UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Chumba changu ni dola 130. Naandika kwa ajili ya ndugu zangu wa Tanga na Dar wanaopata kazi huku na kuniuliza kama inafaa.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayowavutia wengi. Hizo dola 270 hazibaki mfukoni. Nyumba ya wenyeji haina chakula cha mtu mmoja. Bukari, yaani ugali, ikishasongwa ni ya waliopo, na waliopo huwajui mpaka wakae. Binamu ametoka Likasi kufuatilia cheti, shangazi amekuja hospitali kutoka Kasenga, mtoto wa kaka anangoja shule ifunguliwe. Wote wanalala sebuleni na wote wanakula. Hakuna anayekuja kukuomba ruhusa, na ukinuna utaonekana hukulelewa. Kukiwa na kilio ndiyo basi kabisa: Yaya alipofiwa na baba yake mdogo, lupango, yaani ua, lote lilijaa jamaa, nasi tulichanga makala (ndiyo mkaa), unga na sukari sawa na wafiwa. Ukijumlisha mwaka mzima, nilichookoa ni kiasi cha kununua kitenge kizuri na nauli ya teksi ya kukipeleka kwa fundi. Anayetaka kubana matumizi asihame studio.

Ninachokisifu mimi ni kingine. Studio nilikuwa mgeni kwa kila mtu, na kila mtu alikuwa na bei yake ya mgeni: muuza makala, fundi, dereva. Kiswahili changu cha pwani kilikuwa kinanitangaza kabla sijamaliza kusalimia. Mara tu nilipohamia Kalubwe bomba la bafuni lilipasuka, fundi akaja, akanitazama, akataja bei. Yaya akatoka jikoni na mwiko wake: "Papa, hiyo ni bei ya batu ao ya bageni?" Ikashuka nusu kabla sijafungua pochi. Kuanzia hapo sijanunua kitu kikubwa bila mmoja wao kuwa kando yangu. Wananiambia mtaa gani usipite jioni, teksi ya nani niipande, muuguzi yupi wa zamu ya usiku ana roho nzuri. Huduma hiyo hakuna studio inayoiuza.

Maji ya Regideso, shirika la maji la huku, kwetu huja usiku, yakija. Binti hukesha na vitabu vyake, kwa hiyo ndiye mlinzi wa bomba. Akisikia linaanza kukoroma anapita akigonga milango, "Yaya, mayi inakuya!", nasi tunatoka na madumu, mmoja na kanga, mwingine na kikwembe, hakuna anayesema neno mpaka pipa lijae. Usingizi wangu haujapona hadi leo. Umeme nao una desturi zake. Mji umezungukwa na migodi ya shaba, shaba inayokwenda kutengenezewa nyaya za dunia nzima, halafu sisi tunapikia mbabula, jiko la mkaa. Wenye studio wana jenereta, hilo lazima niwape.

Sasa jikoni, maana huko ndiko nilikokuwa na wasiwasi hasa. Mimi ni Mwislamu, wao ni Wakatoliki, na nyama ya nguruwe katika mji huu ni kitu cha kawaida kabisa. Nikalisema wazi kabla sijafungua hata begi. Yaya hakuniuliza swali. Alitenga sufuria mbili na kikaango, akavifunga uzi mwekundu kwenye masikio, akaviweka rafu ya juu. Tangu hapo kila mgeni wa nyumba ile, hata mtoto mdogo, huelezwa habari ya uzi mwekundu kabla hajaonyeshwa choo. Nguruwe akipikwa hupikwa uani, kwenye mbabula yake na chungu chake. Nimewahi kumsikia shangazi wa Kasenga akimfukuza mtu jikoni kwa sababu ya kijiko tu. Ramadhani, uji wa daku ukawa kazi ya binti, kwa vile saa hizo yuko macho.

Vyakula vyenyewe nimevizoea karibu vyote. Sombe ni kisamvu, ila hapa kinatwangwa hasa na kuungwa kwa mawese mahali ambapo mama yangu angeweka nazi, na sasa nikirudi Tanga nitagombana naye. Samaki wa chumvi, vitoyo, sina neno nao. Vinkubala ndivyo vilivyonishinda. Ni viwavi waliokaushwa, wanakaangwa na vitunguu na nyanya, na harufu yake inavutia kweli mpaka uone macho.

Kinacholeta maneno ni unga. Mahindi ya huku Katanga hayawatoshi watu wa Katanga, kwa hiyo unga mwingi hutoka Zambia kupitia mpaka wa Kasumbalesa, na Zambia ikikohoa sisi tunaugua. Mwaka 2024 ukame ulipoipiga Zambia, gunia la kilo 25 lilipanda mpaka tukaitisha kikao. Mimi, kwa ukarani wangu, nikaleta daftari: nani amenunua nini, wageni wa nani wamekula siku ngapi. Yaya akalisoma kwa adabu, akalifunga, akaniuliza kama kwetu tunawahesabia watu tonge. Daftari likaishia hapo. Wakaniingiza kwenye likelemba yao, upatu kama wa kwetu, na fedha ya gunia ikawa inatolewa na anayepokea zamu hiyo. Bado naamini daftari langu lilikuwa la haki zaidi, lakini likelemba haijawahi kutugombanisha.

Faragha usiitafute. Mlango uliofungwa mchana maana yake unaumwa, na watakuja na dawa. Gauni lako utaliona kanisani limevaliwa na mwingine. Ukichelewa kazini simu inalia, na jibu la "niko njiani" halitoshi, utaje uko njia gani. Mgeni wa kiume anakaa sebuleni na mlango wazi, na kesho yake majirani watakuwa na taarifa kamili. Halafu siku Mazembe na Lupopo, timu mbili za mpira za mji huu, wanapokutana usipange kupumzika nyumbani: Yaya ni Lupopo damu, binti ni Mazembe. Mimi sikuachiwa nichague, kwa kuwa Mtanzania mwenzangu Samatta alikuwa Mazembe walipotwaa ubingwa wa Afrika mwaka 2015, na binti ananihesabu kwenye jeshi lake kama vile goli nililifunga mimi.

Nyota nne. Ya tano imelala sebuleni na binamu wa Likasi. Kwa mtu aliyekuja peke yake, anayetaka kuujua mji na si kuupitia tu, ningesema chukua bila kusita. Kwa mwenye kazi ya usiku, au anayeumia roho akiona chakula chake kinaliwa na asiyemjua, abaki studio na jenereta yake, hakuna ubaya.

Ukiamua, uliza kabla ya kulipa: nani hulala sebuleni na kwa muda gani, maji huja saa ngapi na pipa ni la nani, jiko linatumikaje. Kuhusu garanti, yaani dhamana ya kodi inayowekwa mwanzoni, yule komisionere wa studio alinidai miezi sita. Binti wa sheria alicheka sana nilipomwambia, kwa sababu sheria ya pango ya mwaka 2015 inaweka kikomo cha miezi 3 kwa nyumba ya kuishi. Mkataba huwa wa Kifaransa, kwa hiyo mwombe mwenzako akusomee kipengele kwa kipengele kabla hujaweka saini. Kama unarithi chumba cha mtu anayehama, usimpe yeye garanti mkononi na kuondoka. Mkutane wote na mwenye nyumba, risiti iandikwe jina lako. Na noti za dola ziwe safi, zisizochanika hata pembeni, la sivyo utarudishiwa mlangoni.