Huduma ya kurekebisha pawa fakta katika kinu cha alizeti, Kizota

Kwa mteja wa TANESCO anayetozwa pia kwa kVA za kilele cha mwezi, pawa fakta, yaani uwiano wa umeme unaofanya kazi (kW) na umeme wote unaovutwa (kVA), ni suala la bili kabla ya kuwa suala la fundi: mzigo wa kW 60 wenye pawa fakta ya 0.7 huhesabiwa karibu kVA 86, ilhali ukifikishwa 0.95 hushuka hadi kVA 63 hivi, na alizeti inayokamuliwa ni ileile. Ndiyo sababu kinu chetu cha Kizota, hapa Dodoma, kiliita karakana moja ya umeme ya mjini.

Sifa yao kubwa ni kwamba walipima kabla ya kuuza. Mota za kukamua, zilizofungwa moja kwa moja kwenye laini, zilikuwa na kasoro ya kawaida, yaani mkondo kuchelewa nyuma ya volteji, na dawa yake ni kapasita, kifaa ambacho mkondo wake hutangulia volteji na hivyo kufidia uchelewaji huo. Kigeuzi kinachoendesha feni (kifaa cha kielektroniki cha kudhibiti kasi ya mota yake) kilikuwa na shida nyingine kabisa. Hicho kina daraja la diodi sita, yaani vipande vinavyopitisha mkondo upande mmoja tu, na kapasita zake za ndani hujazwa pale tu volteji inapokaribia kilele, kwa hiyo mkondo wake hauchelewi bali huvutwa kwa mikupuo. Kwenye skrini ya kipimo tuliona vilele viwili vyembamba katika kila nusu ya wimbi. Mikupuo hiyo huzaa hamoniki, yaani mawimbi ya ziada yenye masafa yaliyo mara kadhaa ya Hz 50 za umeme wa kawaida, hasa za Hz 250 na 350, na kapasita tupu haiziondoi. Inaweza hata kuingia katika mwangwi na transfoma, yaani viwili hivyo kukuza hamoniki kwa pamoja, ikachemka na kuvimba. Muuzaji mwingine alikuwa tayari kutuongezea kapasita tu, bila kugusa kipimo.

Karakana hii ilifunga choki, yaani koili inayopunguza makali ya mikupuo, mbele ya kigeuzi, kisha kwenye kabati la kurekebisha pawa fakta ikaunganisha kapasita na choki za asilimia 7, ambazo hushusha mwangwi hadi Hz 189, chini ya hamoniki ya kwanza yenye madhara. Walitaja pia kigeuzi chenye transista upande wa kuingizia umeme, ambacho huvuta mkondo unaokaribia wimbi safi, lakini wakakiri wenyewe kuwa kwa feni moja gharama yake haina maana. Muuzaji kukataa kuuza si jambo la kila siku.

Kasoro zipo. Kidhibiti cha kabati huonyesha kosfai ya wimbi la msingi tu, yaani pawa fakta ya wimbi la Hz 50 bila hamoniki, hivyo kinaweza kuandika 0.98 wakati pawa fakta halisi, ikihesabiwa pamoja na hamoniki, iko chini. Vipimo vya baada ya kazi tulivipata kwa kuvidai. Kichujio cha feni ya kabati nacho huziba upesi kwa vumbi la kiangazi na makapi ya alizeti, jambo la hatari kwa kapasita zisizopenda joto, na hawakutuachia cha akiba.