Mashine ya presha ya petroli HP 15 kwa kazi ya kuosha pevingi, kuta na mapaa: uzoefu wangu Dar

Wadau, naandika hii kwa ajili ya wanaotaka kuingia kwenye kazi ya kuosha nje ya majengo, yaani pevingi, fensi, kuta, ngazi, maegesho, mapaa, maana karibu kila anayeniuliza kuhusu mashine anaanza na "ina bar ngapi?" Kwa biashara mimi nakwambia anza kuuliza inatoa lita ngapi kwa dakika, bar (kipimo cha presha) zitafuata. Presha inabandua uchafu, sawa, lakini kinachousukuma utoke pale mpaka kwenye mtaro ni wingi wa maji, na mteja analipa pevingi ikiwa imesafishika yote, tope likibaki limesogea tu kutoka hapa kwenda pale hakulipi.

Mashine ninayoongelea ni ya petroli, injini 420cc wanayoiuza kama HP (nguvu za farasi) 15, pampu ya pistoni tatu, kibao kimeandikwa bar 250 na lita 15 kwa dakika. Niliinunua Kariakoo upande wa Gerezani. Injini ni ya Kichina iliyofuata muundo wa Honda GX390, kwa hiyo kabureta, plagi, stata ya kamba, hivyo vyote vinapatikana kirahisi na fundi yeyote wa jenereta anaijua. Mimi hicho nakiweka juu kuliko jina la mashine, maana ikilala siku tatu inasubiri spea wewe unawapigia simu wateja kuahirisha na vijana wako wawili wamekaa hawana kitu.

Kabla ya hii nilikuwa na ya umeme ile ya nyumbani, kama lita 7 kwa dakika. Ni mashine nzuri kwa gari, baiskeli, veranda, hadi leo ninayo. Ila ukiipeleka kwenye uwanja wa pevingi wa mita za mraba 200 utashinda hapo siku nzima, na mota zake nyingi hazijatengenezwa kuzunguka masaa sita mfululizo, alafu ukivuta waya mrefu wa ekstensheni kwenye nyumba ambayo umeme wenyewe uko chini, mota inachemka na harufu unaisikia.

Sasa hesabu, na hii naomba uielewe kabla hujatoa hela. Chukua bar, zidisha kwa lita za dakika, gawa kwa 600, unapata kilowati ambazo maji peke yake yanahitaji. Yangu: 250 mara 15 ni 3,750, gawa 600 unapata 6.25. HP moja ni kama kilowati 0.75, kwa hiyo hapo tayari umefika HP 8 na kitu, na bado pampu na gia zinakula za kwao na injini haitoi namba ya kwenye stika muda wote, ndo maana unataka injini ya 13 au 15. Ukikuta imebandikwa HP 7, bar 250, lita 15, piga hiyo hiyo hesabu: HP 7 ni kilowati 5 na kidogo, hata pampu isipopoteza chochote haifiki 6.25. Hiyo ni mashine ya lita 9 au 10 yenye stika ya mkubwa wake.

Na kupima lita ni rahisi, hauhitaji kipimo cha fundi. Toa nozo (kichwa cha kutolea maji), washa, elekeza kwenye ndoo ya lita 20, shika simu uhesabu muda. Lita 15 kwa dakika inajaza ndoo kwa sekunde 80. Muuzaji anayejiamini atakuruhusu upime pale pale dukani, yangu niliipima mbele yake na ikafika.

Ila lita 15 kwa dakika zina upande wake wa pili, ni lita 900 kwa saa. Hapa ndo biashara ya Dar inapokuwa tofauti na video unazoziangalia za Marekani ambako jamaa anachomeka mpira kwenye bomba la nje ya nyumba anaendelea na kazi. Bomba nyingi za mitaani kwetu hazitoi lita 15 kwa dakika, na pampu ikikosa maji inavuta hewa, utasikia inaunguruma kama imemeza kokoto, ukiiacha hivo sili (mipira ya ndani inayozuia maji kuvuja) zinakwisha na vichwa vya valvu vinaliwa. Nilichofanya ni kubeba tenki tupu la lita 500 kwenye kirikuu (pikapu ndogo). Nikifika nalifungulia bomba la mteja lijae wakati tunapanga vitu na kupiga dawa, alafu pampu inavuta kwenye tenki, sio kwenye bomba moja kwa moja. Tenki liwekwe juu kidogo ya pampu, mpira wa kuvutia uwe mnene na mfupi, na chujio usafishe kila asubuhi maana maji ya visima yana mchanga. Usifikirie kubeba maji yenyewe kutoka kwako, lita 1,000 ni tani moja, kirikuu haitakuvumilia.

Kwa hiyo kwenye simu na mteja swali langu la kwanza ni maji. Bomba? Kisima? Kina chumvi? Visima vingi vya ukanda wa pwani huku vina chumvi na chumvi inakula pampu, na pia ikikauka kwenye vioo na rangi nyeusi ya geti inaacha madoa meupe, mteja atadhani haujaosha. Kwenye kisima cha chumvi naosha nacho, lakini vioo na mageti namalizia kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, na kabla ya kufunga napitisha ndoo mbili tatu za maji baridi ndani ya pampu. Mteja akiwa hana maji kabisa tunaita boza (lori la maji), na boza analipa yeye, tunakubaliana mapema. Waliokuwa wanafanya shughuli za maji 2022 mto Ruvu uliposhuka na jiji likaingia kwenye mgao wanajua kwanini hilo nalisema mapema.

Kilichobadilisha kasi yangu zaidi ya mashine yenyewe ni ile sahani ya kuzunguka, kifuniko cha duara chenye mkono wa nozo mbili chini. Ukiosha pevingi kwa fimbo ya kawaida inaacha mistari mistari, unaosha vizuri kabisa alafu ikikauka uwanja unaonekana umechorwa. Sahani haiachi mistari, hairushi uchafu mwingi ukutani, na mtu anatembea nayo taratibu wima bila mgongo kuuma. Lakini sahani kubwa inahitaji lita. Ukiifunga ile ya upana wa sentimita 50 kwenye mashine ya lita 7 itazunguka kizembe tu. Na kwenye pevingi maji yatatoa mchanga wa kwenye maungio, hilo halikwepeki, kwa hiyo kwenye bei yangu kuna mchanga laini mkavu wa kufagilia upya kwa fagio la chelewa baada ya uwanja kukauka. Wengi hawafanyi hiyo, wanaondoka, baada ya muda vitofali vinaanza kucheza magari yakipita. Usimfanyie mtu hivyo.

Nozo rangi zake ukizijua zinatosha: nyekundu digrii 0, njano 15, kijani 25, nyeupe 40, nyeusi ya sabuni. Nyekundu kwangu imefungwa kwenye boksi na kijana haruhusiwi kuigusa. Maji ya bar 250 kwenye tundu moja yanapenya ngozi, kidonda kinaonekana kadogo kama cha sindano kumbe uchafu umeingia ndani ya nyama, hiyo ni ya kukimbilia hospitali siku hiyo hiyo hata kama hakiumi. Gambuti na miwani ni lazima kwa kila mtu, na ndani ya gereji au maegesho ya chini ya jengo injini haiwashwi, moshi wake unaua. Tunaiacha nje tunavuta mpira.

Kwenye kuta sasa. Fensi nyingi za Mbezi Beach, Mikocheni, Masaki zina ule ukijani na weusi unaopanda kutoka chini, unyevu wa pwani na kivuli cha miti. Huo ni ukungu, una uhai, na ukiutoa kwa presha peke yake unakwangua rangi alafu masika ikipita umerudi. Unauliwa kwa klorini. Mimi natumia klorini ya maji ile ya mabwawa ya kuogelea, ya asilimia 10 hadi 12, sehemu moja kwa maji sehemu kumi, inabaki kama asilimia moja. Napiga na pampu ya mgongoni kuanzia chini kwenda juu, naiacha dakika 10 hadi 15 bila kuiruhusu ikauke, ikianza kukauka naongeza, kisha nasuuza kwa nozo nyeupe nikiwa mbali, presha ya chini kabisa. Rangi inabaki salama. Nunua klorini ya wiki hiyo tu, ikikaa kwenye joto na jua nguvu inapungua, na usiihifadhi stoo moja na asidi. Zile asidi za kusafishia malumalu zikikutana na klorini inatoka gesi ya sumu, hii hata kwenye ndoo usiruhusu, ndoo ya klorini iwe ya klorini tu na iandikwe.

Wenye nyumba wanachoogopea ni maua. Mama mmoja wa Mikocheni nilimsalimia tu shikamoo, kabla sijashusha mzigo akaniambia "mwanangu, kabla hujagusa huo ukuta niambie bustani yangu utaifanyaje." Nikamwonyesha: tunamwagilia mimea yote maji mengi kwanza, dawa ndo inafuata, tukimaliza tunaisuuza tena majani mpaka mizizi. Kama kuna bwawa la samaki au kuku wanazurura tunafunika na kuwahamisha. Alisimama na sisi mpaka mwisho, na mtaa ule sasa nina nyumba kadhaa kupitia yeye.

Kuna kazi nazikataa, na nashauri uzikatae. Paa za asbesto, zile za zamani za saruji za kijivu zenye mawimbi, usizipige maji ya presha hata mteja aongeze hela, nyuzi zake zinaruka na zinaleta kansa ya mapafu. Bati za vigae zenye changarawe juu, presha inabandua zile changarawe, hizo ni dawa na maji ya kawaida tu. Paneli za sola, hapana, brashi laini na maji. Na kuta za chokaa. Mzee mmoja alinipigia kutoka Unguja, ana nyumba Mji Mkongwe, anataka nivuke na mashine nimwoshee ukuta wa mbele. Nikamuuliza umejengwa kwa nini, akasema matumbawe na chokaa. Nikamwambia mzee wangu, hela yako naihitaji lakini mashine hii itakuchimbia chokaa yote kwenye maungio na maji yataingia ndani ya ukuta, tafuta fundi wa chokaa wa huko huko mwenye brashi, na uanzie kwa mamlaka inayosimamia majengo ya mji, maana ule mji uko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2000. Alinishukuru sana.

Matunzo ya mashine. Injini inachukua oili kama lita 1.1, ya kwanza nilimwaga baada ya masaa 20 ya kazi, baada ya hapo kila masaa 100. Pampu ina oili yake, ya kwanza masaa 50. Naandika masaa kwenye daftari kwa sababu kichwani hayakai. Tenki la mafuta ni lita 6 na nusu, kazi nzito mfululizo linaisha kwa kama masaa mawili, hilo liingize kwenye bei, watu wanahesabu dawa na vibarua wanasahau petroli. Na kitu ambacho vijana wanakisahau sana: ukiachia triga injini ikiwa imewaka maji yanazunguka ndani ya pampu yale yale, yanapata moto, dakika mbili tatu tayari unaunguza sili. Unapokea simu? Zima injini. Unahamisha ngazi? Zima. Sili za pampu nimeshabadilisha, seti inapatikana na ilikuwa kazi ya mchana mmoja.

Ubaya wake: ina kelele kweli, karibu na shule au zahanati tunapanga Jumamosi mchana au Jumapili, karibu na kanisa siku za kazi. Ni nzito, kushusha kwenye kirikuu ni watu wawili wenye nguvu. Magurudumu iliyokuja nayo ni madogo, kwenye mchanga yanazama, nilimpa fundi wa kuchomelea akafunga ya mkokoteni.

Bei natoza kwa mita ya mraba baada ya kwenda kuona, sio kwa picha ya WhatsApp, kwenye picha hauoni mafuta ya gari yaliyoingia kwenye zege. Nusu kabla, nusu tukimaliza. TIN (namba ya mlipakodi) na leseni ya biashara vitafute mapema, wenye apatimenti na ofisi hawakupi kazi bila risiti, na wao ndo wanaokuita tena kila baada ya masika.

Kinachofuata kwangu ni tenki la pili la lita 500 la kushusha na kuliacha kwa mteja likijaa, moja likitumika jingine linajaa, maana kwa sasa kinachotuchelewesha kwenye nyumba nyingi ni bomba, mashine inasubiri maji.