Kisoma DVD chembamba cha USB: kizuri, ukikipa umeme wake

Vile visoma DVD vyeusi, vyembamba, visivyo na jina, ambavyo maduka ya kompyuta ya Ngamiani, Tanga, huwauzia wenye laptopu zisizo na mlango wa diski, vinalaumiwa bure na watumiaji wa Linux (mfumo endeshi wa kompyuta, kama Windows). Lalamiko ni lile lile: diski inazunguka, inakwama, kisha kifaa kinatoweka. Mara nyingi tatizo ni umeme.

Tundu la USB 2.0 limepangiwa miliampia 500. Mota inapoanza kuzungusha diski huweza kuvuta hata ampia moja. Fungua terminali (dirisha la kuandikia amri), andika `sudo dmesg -w`, inayoonyesha ujumbe wa mfumo papo hapo, halafu tia diski. Ukiona “USB disconnect” wakati diski inashika kasi, usihangaike na programu. Hamia tundu la USB 3.0, lenye miliampia 900, ambalo mara nyingi huwa la buluu. Likishindwa, tafuta waya wenye vichwa viwili vya USB upande wa kompyuta, unaochota umeme kwenye matundu mawili, au habu (kigawa matundu ya USB) yenye adapta yake ya umeme. Waya wa kurefushia uondoe kabisa, maana unapunguza volti.

Kifaa kikibaki hewani lakini ikaja “I/O error, dev sr0”, yaani kosa la kusoma kwenye sr0, jina ambalo Linux hukipa kisoma diski, hapo mshukiwa ni diski au lenzi. Futa diski kutoka katikati kwenda ukingoni, usizungushe kitambaa. Punguza kasi kwa `eject -x 4 /dev/sr0`. Diski ya harusi iliyokwaruzika usiicheze tena na tena, inakili kwanza kwa ddrescue, programu ya kunakili diski zilizoharibika:

`ddrescue -b 2048 -n /dev/sr0 harusi.iso harusi.map`

Kisha rudia amri hiyo hiyo, ukiweka `-d -r3` badala ya `-n`. Itarudi kwenye vipande vilivyogoma tu, kwa sababu faili la ramani, `harusi.map`, linakumbuka kilichokwisha kusomwa.

Kuhusu trei, amri ya kuifunga, `eject -t`, haiifungi, na hiyo si kasoro: vifaa vyembamba havina mota ya kuivuta ndani, husukumwa kwa kidole. Diski nayo ibonyeze katikati mpaka isikike “tak”. Isiposhika vizuri, inanguruma na haisomeki. Trei ikigoma kufunguka, kuna programu imeshikilia diski. `fuser -vm /dev/sr0` itaitaja. Funga programu hiyo, kisha iachie diski kwa `umount /dev/sr0`. Kitundu kidogo cha pini kilichopo mbele ni cha mwisho kabisa, tena waya ukiwa umechomolewa.

Kwa anayetaka kuhamisha diski za harusi na maulidi kabla hazijaharibika, tunakipendekeza bila kusita. Kwa kuchoma diski nyingi mfululizo, hapana: kinapata joto haraka.

Kabla ya kulipa, omba kijaribiwe hapo hapo dukani kwa DVD-RW, yaani diski inayofutika na kuandikwa upya, iliyokwisha kuandikwa kitu. Diski hiyo huakisi mwanga hafifu kuliko ya kiwandani, na lenzi iliyochoka hushindwa nayo kwanza.